Jumba la maigizo hutazamwa taa zikiwaka

Swali la msomaji: "Mimi ni mwongoza watalii, makazi yangu Jinja. Mwezi uliopita nilikuwa na wageni wanane kutoka Ujerumani, watu wazima wapenda sanaa. Wakaniambia kwao kuna njia ya kitalii inayopita kwenye majumba ya kale ya tamthilia, mtu anatoka mji hadi mji akitazama kumbi za miaka mia mbili, mia tatu. Wakauliza kama Uganda ipo. Nikawapeleka National Theatre ya Kampala saa tano asubuhi, ukumbini giza, hakuna linaloendelea. Tukapiga picha nje, tukaenda nyuma kununua vikapu. Niliona aibu. Je, njia kama hiyo inawezekana kwetu au nisijisumbue? Na kama inawezekana, nianzie wapi?"

Dada yangu, aibu hiyo naifahamu kwa sababu iliwahi kunipata mimi, tena mbaya kuliko yako. Miaka kadhaa iliyopita niliwapeleka wageni kwenye ukumbi mmoja wa zamani hapa Kampala, ambao sitautaja. Tulikuwa tumepatana kwa simu, siku na saa. Tulipofika, mwenye funguo alikuwa amekwenda msibani Masaka, na funguo zimo mfukoni mwake. Tukakaa ngazini saa mbili nzima tukitafuna karanga. Jua linazama ndipo akatokea fundi wa taa wa ukumbi ule. Wala hakutumwa, alikuja kuchukua waya wake tu, na kwa bahati alikuwa na ufunguo wa mlango wa nyuma.

Akatuingiza kwa tochi ya simu. Tukapita katikati ya mbao, ndoo za rangi na kiti cha enzi cha mfalme kilichotengenezwa kwa maboksi ya sabuni na kupakwa rangi ya dhahabu. Akatusimamisha jukwaani gizani, akapanda ngazi yake. Tukasikia swichi. Taa moja, ya manjano, ikamwangukia mama mmoja wa makamo aliyekuwa amesimama katikati. Hakusema neno. Alivitazama vile viti vitupu mbele yake, kisha akaanza kucheka kama mtoto, na fundi huko juu naye akacheka. Dakika tano zile ndizo walizozizungumza hadi uwanja wa ndege wa Entebbe. Historia yote niliyokuwa nimeikariri, miaka na majina, hakuna aliyeuliza tena.

Kwa hiyo jibu langu fupi ni hili: inawezekana, ila usiipange kwa majengo. Ipange kwa jioni. Wewe ulikuwa na jengo sahihi na saa isiyo sahihi.

Tuanze na hao Wajerumani, ujue walikuwa wanazungumzia nini. Wazo la kuunganisha maeneo ya kale kwa njia moja lilipata nguvu Ulaya mwaka 1987, Baraza la Ulaya lilipoanzisha mpango wa njia za utamaduni kwa kuanzia na njia ya mahujaji wa Santiago de Compostela, Uhispania. Majumba ya tamthilia yalikuja baadaye. Chama kiitwacho Perspectiv, kinachokusanya majumba ya kale ya maigizo, kilifungua kipande cha kwanza cha njia yake mwaka 2007, huko huko Ujerumani, kisha kikaongeza nchi baada ya nchi hadi majumba yakapita 100. Mgeni anaweza kuanzia Bayreuth, kwenye jumba la opera lililofunguliwa mwaka 1748 na kuingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2012, akaenda Český Krumlov katika Jamhuri ya Cheki, akashuka hadi Vicenza, Italia, ambako Teatro Olimpico la mwaka 1585 bado lina mandhari ya mbao ya mitaa ya mji iliyojengwa kwa ajili ya onyesho lake la kwanza.

Majumba mengine mengi ya enzi hizo hayapo. Yalikuwa ya mbao, yakiangaziwa kwa mishumaa na taa za mafuta, kwa hiyo yaliungua. Yaliyobaki yalibaki kwa bahati, na bahati ya ajabu kuliko zote ni ya Drottningholm, nje kidogo ya Stockholm. Jumba lile la kifalme lilijengwa mwaka 1766. Mfalme aliyelipenda, Gustav III, alipigwa risasi mwaka 1792 katika dansi ya vinyago, akafa. Baada yake hakuna aliyelijali. Likawa stoo. Mwaka 1921 mtafiti aliyeitwa Agne Beijer aliingia humo akitafuta picha ya kuchora, akakuta kila kitu kimekaa mahali pake chini ya vumbi: kamba, kapi, mandhari zilizochorwa, na chini ya jukwaa mtambo mkubwa wa mbao unaozungushwa na watu kwa mikono. Wakiuzungusha, msitu wote unaondoka na bahari inaingia mbele ya macho yako, katika muda wa pumzi chache. Unafanya kazi hadi leo.

Drottningholm liliokolewa kwa kusahaulika, na hapo ndipo sisi tunapoachana na Ulaya. Kampala kusahaulika hakuokoi kitu. Kiwanja cha katikati ya jiji kikisahaulika mwaka huu, mwaka ujao kimezungushiwa mabati, na unaofuata kuna jengo la maduka linalouza simu na nywele za bandia. Hapa jengo linalindwa na watu wanaoingia na kutoka humo. Ndiyo maana nakwambia anza na jioni: tiketi za wageni wako wanane ni sehemu ya ulinzi wa jengo.

Basi tuje kwenye hiyo National Theatre iliyokuaibisha. Ilifunguliwa tarehe 2 Desemba 1959, miaka karibu mitatu kabla ya uhuru, chini ya sheria iliyoanzisha Kituo cha Taifa cha Utamaduni. Waliolichora ni Peatfield na Bodgener, kampuni ile ile iliyochora Bunge lililo jirani. Msimamishe mgeni ng'ambo ya barabara, atazame ule ukuta wa mbele wa saruji yenye matundu. Mwambie si urembo mtupu: unatoa kivuli na kupitisha hewa, maarifa ya wachoraji wa miaka ya 1950 waliojenga nchi za jua kabla viyoyozi havijawa kitu cha kawaida. Ukisema hivyo, aliyekuwa anaona jengo la zege ataanza kuona jengo lililofikiriwa. Dakika kumi zinatosha. Usikae hapo barabarani kusimulia mpaka watu wachoke miguu, na waambie wasielekeze kamera upande wa Bunge bila kuuliza, maana askari wa pale hawana utani.

Ukumbi wenyewe ni mdogo, viti havifiki 400. Wageni wa Ulaya hulipenda hilo mara moja, kwa sababu majumba yao ya kale mengi ni madogo vile vile. Aliyekaa kiti cha nyuma anaona jasho la mwigizaji.

Yaliyopita ndani yake ndiyo utajiri wako. Mwanzoni jukwaa lile lilikuwa zaidi la Wazungu na Wahindi na vyama vyao vya maigizo. Lakini Wycliffe Kiyingi alikuwa tayari ameanzisha kundi la Waafrika mwaka 1954, likicheza kwa Kiganda, na watu waliozoea kucheka kwa lugha yao hawakukubali kuachwa nje ya mlango. Novemba 1962, katika sherehe za uhuru, wanafunzi wa Makerere walionyesha hapo mchezo wa kijana mmoja kutoka Kenya aliyekuwa akisoma nao. Leo dunia nzima inamfahamu kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o. Mwaka 1966 mshairi Okot p'Bitek akapewa ukurugenzi, akitokea Gulu alikokuwa ameandaa tamasha la sanaa, na ngoma za kaskazini zikapata nafasi mahali palipozoea michezo ya London.

Halafu kuna mwaka 1977. Byron Kawadwa, mkurugenzi na mtunzi, alikuwa ametoka Lagos kwenye tamasha la FESTAC alikopeleka mchezo wa muziki wa Kiganda, Oluyimba lwa Wankoko, yaani wimbo wa jogoo. Aliporudi, watu wa utawala wa Amin walimkamata, akauawa. Wageni watakuvuta huko, nakuonya mapema. Wengi wameisoma Uganda kwa jina la mtu mmoja tu na watataka ziara nzima igeuke kuwa yake. Isimulie habari ya Kawadwa, haifai kufichwa, lakini anza na kazi yake: ule wimbo wa jogoo, muziki, watazamaji waliokuwa wakiujaza ukumbi. Ukianza na kifo, umewapa wauaji nafasi ya mbele. Na uongeze habari ya Robert Serumaga na kundi lake la Abafumi, waliopunguza maneno wakaongeza mwili na ngoma, wakatembea nchi nyingi. Enzi ambayo neno moja liliweza kumponza mtu, mwili ulikuwa na usalama kidogo kuliko ulimi.

Kuhusu usalama wa jengo lenyewe: kumewahi kuletwa mipango ya kulibomoa na kusimamisha ghorofa, wasanii wakapiga kelele. Tuna sheria mpya ya makumbusho na kumbukumbu za kale ya mwaka 2023, iliyochukua nafasi ya ile ya 1967. Shirika la urithi la Cross-Cultural Foundation of Uganda nao wameorodhesha majengo ya kihistoria ya Kampala, Entebbe na Jinja. Watafute, watakupunguzia miezi ya kuhangaika. Sheria na orodha ni vitu vizuri. Taa zinawashwa na watu wengine.

Sasa ukitafuta majengo mengine ya kupanga mstari kama Wazungu, utakwama haraka. Hatuna majumba 12 ya kale yaliyojengwa kuwa ya tamthilia. Tulicho nacho ni majengo yaliyogeuzwa: sinema zikawa kumbi za maigizo, kumbi za maigizo zikawa makanisa. Wengi huona hilo kama upungufu. Mimi naona ndiyo hadithi yenyewe. Chukua iliyokuwa Norman Cinema, ya familia ya Kigoa ya Godinho. Katika miaka ya 1980 iligeuzwa kanisa, ambalo leo linajulikana kama Watoto. Na kwa miaka mingi kila Desemba kanisa hilo limekuwa likifanya onyesho kubwa la Krismasi, lenye kwaya, waigizaji, mavazi na mitambo, na foleni ya watu nje. Jengo lilibadilisha dini yake, kazi ikabaki ile ile: watu wanakaa gizani kutazama waliosimama kwenye mwanga. Huko Ulaya mgeni wako hatayaona hayo.

Miaka ya 1980 na 1990 makundi ya katemba, yaani maigizo ya Kiganda, yalikuwa mengi Kampala, kila wikiendi mabango mapya ukutani. Bakayimbira wakicheza Bat Valley, kule barabara ya Bombo, mahali palipopata jina kutokana na popo. Ebonies nao baadaye kwao Labonita. Kisha video zikaingia, televisheni zikaongezeka, watu wakabaki nyumbani. Lakini hapo hapo kukazaliwa sanaa nyingine ambayo ningeitia kwenye njia yako bila kusita: kibanda cha video. Waganda neno wamelichukua kwenye Kiswahili, wakasema kibanda na bibanda. Humo ndani kuna mtu aitwaye VJ, anashika kipaza sauti na kuifasiri filamu ya kigeni kwa Kiganda papo hapo, akiongeza vichekesho, akiwapa mashujaa majina ya mitaa yetu, akimkaripia jambazi kabla hajafyatua risasi. Benchi za mbao, joto, chapati za mayai zinaingizwa kwa dirisha. Mpeleke Mjerumani wako dakika arobaini. Huenda asielewe neno moja, lakini ataelewa kwa nini watu wanacheka mahali ambapo filamu haichekeshi.

Utaniuliza: na hiyo ni urithi? Nitakujibu kwa Makerere. Mwaka 1965 wanafunzi wa pale walianzisha kundi la maigizo la kusafiri, chini ya waalimu David Cook na Betty Baker. Wakati wa likizo walipakia vitu kwenye gari, wakazunguka na michezo yao kwenye viwanja, shule na kumbi za miji, kwa Kiingereza na kwa lugha za watu, Kiswahili kikiwemo. Kiingilio hakuna. Rose Mbowa, ambaye baadaye alikuja kuwa jina kubwa katika tamthilia ya Uganda, alipitia safari hizo. Ona tofauti, dada: kwa Wajerumani wako, mtazamaji husafiri kulifuata jumba. Kwetu mchezo ndio uliosafiri kumfuata mtazamaji. Njia ilikuwapo hapa zamani, ila wasafiri walikuwa waigizaji.

Hilo linabadilisha ramani yako. Usitafute mnyororo wa majengo. Fuata nyayo za michezo, na kila unapofika, uliza leo usiku kuna nini.

Makerere upitie mchana, kwa miguu. Jengo kuu ni la mwaka 1941. Liliungua vibaya usiku wa Septemba 2020, likajengwa upya na kufunguliwa mwaka 2024. Mwaka 1962 waandishi wa Afrika walikusanyika kwenye chuo hicho katika mkutano ambao bado unatajwa madarasani. Kama utapata nafasi ya kuzungumza mapema na idara ya maigizo, uliza siku za mazoezi ya wanafunzi. Mazoezi ni mazuri kuliko onyesho kwa kikundi kidogo: mwigizaji anakosea, anarudia, mwalimu anapiga kofi la mikono kusimamisha, mgeni anaona kazi inavyofanyika.

Mengo ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Kabla hakujawa na jukwaa la mbao na pazia, Lubiri, yaani kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, ilikuwa na wapigaji wake wa zamu, ngoma na marimba, kila kundi na wajibu wake. Amadinda, ile marimba yenye vipande 12, hupigwa na watu wanaokaa pande mbili zinazotazamana, mmoja anaingiza pigo lake kwenye nafasi aliyoiacha mwenzake, hadi sikio lako linasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga. Mei 1966 jeshi lilipoivamia Lubiri, wapigaji wakatawanyika. Hapo usiwe na haraka. Tafuta mpigaji akae na wageni, wawili wawili wajaribu. Watashindwa, na watamwelewa.

Ndere Cultural Centre, Ntinda, utaitia kwa sababu ni ya uhakika: kundi la Stephen Rwangyezi lilianza mwaka 1984, wana uwanja wao wa maonyesho, na Jumapili jioni unajua kuna kitu. Ngoma za kanda zote, maelezo yenye utani, chakula. Kosa la waongozaji wengi ni kuishia hapo na kudhani wamemaliza. Ni mlo uliopakuliwa vizuri kwa ajili ya mgeni. Vizuri aonje na sufuria.

Sasa upande wako, Busoga, ambako naona umekaa juu ya hazina huku ukitazama Kampala kwa wivu. Una mawili. La kwanza ni bigwala, zile baragumu za vibuyu vya Wasoga. Kila moja inatoa sauti moja tu, kwa hiyo wimbo hauwezi kupigwa na mtu peke yake. Lazima kundi, kila mmoja angoje zamu yake. Zilikuwa za shughuli za ufalme, kutawazwa na mazishi. Mwaka 2012 UNESCO waliziweka kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka, kwa sababu wazee waliozijua walikuwa wamebaki wachache mno. Vijana wamefundishwa tangu hapo. Ukipanga siku yao mapema na kuwalipa ipasavyo, una onyesho ambalo Kampala nzima haina.

La pili ni Namasagali, kwenye mto, wilaya ya Kamuli. Reli ya Busoga ilikuwa inaishia hapo, na meli zikiendelea hadi ziwa Kyoga. Bandari ilipokufa, majengo ya reli yakawa shule, na shule hiyo ikajijengea jina kwa dansi na maigizo hata ikawa inakwenda kuonyesha National Theatre kila mwaka. Fikiria hadithi hiyo mdomoni mwako: stesheni iliyoacha kupeleka pamba ikaanza kupeleka waigizaji. Nenda kwanza peke yako, uongee na uongozi wa shule. Wanafunzi si kivutio cha watalii, na siku za masomo usipeleke gari lililojaa kamera. Siku ya tamasha lao ni jambo jingine.

Ukipata wageni mwezi wa nane, mwaka unaogawanyika kwa mbili, waendeshe hadi Mbale. Msimu wa tohara ya Wamasaba, imbalu, hufunguliwa Mutoto, na ngoma za kadodi zitafanya kazi ambayo maelezo yangu hayawezi. Lakini hilo ni tambiko la watu. Uliza pa kusimama, uliza kuhusu picha, na usiliweke kwenye tangazo lako kama sarakasi.

Biashara. Mgeni wa kawaida wa Uganda anakuja kwa ajili ya gorila, wale sokwe wakubwa wa milimani. Analipa dola 800 kwa kibali cha kuwatazama kwenye msitu wa Bwindi, anakaa nao saa moja, na anapoingia au kutoka nchini analala Kampala usiku mmoja ambao hana la kufanya. Anakula hotelini, analalamikia foleni, analala. Usiku huo ndio soko lako. Usijaribu kumuuzia siku tatu za majengo, atakataa. Muuzie saa nne: ukuta wa National Theatre kabla jua halijazama, dakika ishirini nyuma ya jukwaa pamoja na fundi, chakula jirani, kisha onyesho. Wachache watakaovutiwa ndio watakaonunua siku mbili zako za Busoga. Hakikisha leseni yako ya Uganda Tourism Board haijapitwa na muda, maana kampuni za nje zitaiomba kabla ya kukutumia watu.

Kwa upande wa kumbi, acha kupatana kwa simu kama nilivyofanya mimi. Andika barua, pata jibu lenye muhuri, na ndani yake liwemo jina la mtu wa pili mwenye ufunguo. Ada ya ukumbi ilipwe ofisini kwa risiti. Fundi wa taa naye awe na malipo yake yaliyoandikwa, yasiwe bakshishi ya kupenyezwa mkononi, kwa sababu yeye ndiye mwongozaji wako halisi humo ndani. Nimeona mafundi walioshika kazi hiyo miaka ishirini wakiulizwa swali kwa mara ya kwanza maishani mwao na mtu anayetaka kweli kujua jibu.

Lugha. Mchezo wa Kiganda unaweza kuchukua saa tatu, na nusu yake ni mizaha isiyofasirika. Andaa ukurasa mmoja wa muhtasari, wausome wakati wa chakula, na usiwanong'oneze ukumbini, unawaudhi waliolipa. Wakae sehemu ya kwanza, wakitaka kuondoka mapumzikoni waondoke bila lawama. Kuhusu saa, bango likisema saa moja jioni, waambie wageni saba ya saa zao, na wewe moyoni andika saa mbili. Ule muda wa katikati ndio wa kuwatembeza nyuma ya jukwaa.

Na wale wanane waandikie. Waambie uliwapeleka mchana, na jengo lile ni la usiku. Mjerumani akiambiwa ukweli namna hiyo hurudi, au humtuma rafiki yake. Ila watakaokuja waje na viatu vyenye soli laini. Mbao za nyuma ya jukwaa zikikanyagwa kwa kisigino zinasikika hadi kiti cha mwisho.